Alama ya 18 na shilingi 25,000 ambazo hakuna aliyeziuliza: uchambuzi wa kisa cha kibanda cha gemu katika mji wa mpakani, Uganda

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea mwaka 2019 katika mji mmoja wa mpakani mashariki mwa Uganda, mahali ambapo Kiswahili ndiyo lugha ya soko, ya kituo cha malori na ya vikao vya kijiji, kwa kuwa wakazi wake wametoka katika makabila mengi na hakuna lugha nyingine inayowaweka wote kwenye benchi moja. Majina ya watu, ya kijiji na ya biashara yameondolewa, na mambo machache ambayo yangeweza kumtambulisha mtoto yamebadilishwa bila kugusa mtiririko wa matukio. Mimi nilikuwa mwandishi wa mihtasari katika vikao vyote viwili vya Baraza la Kijiji vitakavyoelezwa hapa, na kanuni iliyoshindwa niliipendekeza na kuiandika mimi mwenyewe, hivyo msomaji asinichukulie kama mtazamaji aliyekaa pembeni.

Usuli

Kibanda chenyewe kilikuwa chumba kimoja cha mabati kwenye njia itokayo sokoni kuelekea shule ya msingi. Ndani mlikuwa na televisheni tatu za zamani zenye mgongo, PlayStation 2 mbili, PlayStation 3 moja, mabenchi mawili, na pazia zito la kitenge lililoning'inizwa mlangoni ili mwanga wa jua usipige skrini. Pazia hilo ndilo lililomfanya mpita njia asione nani yumo ndani, na nitalirudia baadaye. Mwenye kibanda, kijana wa miaka thelathini na ushei, alikuwa na leseni halali ya biashara kutoka baraza la mji, na wazazi wengi walimfahamu kama mtu mpole asiyepiga watoto wala kuwatukana.

Biashara yake ilikuwa na mikono miwili. Mkono wa kwanza ulikuwa kuchezesha: mechi moja ya kandanda ya dakika 10 ilikuwa shilingi 500, na kwa desturi ya vibanda vyote vya eneo hilo, anayeshindwa ndiye anayelipa, hivyo mchezaji hodari aliweza kushika pedi ya kuchezea asubuhi hadi jioni bila kutoa senti, huku wachezaji dhaifu wakimlipia. Mkono wa pili ulikuwa kuuza diski zilizonakiliwa, shilingi 5,000 kila moja, zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki na jalada lililotolewa kwenye mashine ya fotokopi ya rangi.

Kamati ya kijiji nayo ilikuwa changa. Uchaguzi wa LC1, yaani Baraza la Kijiji, ulikuwa umefanyika tarehe 10 Julai 2018, wapiga kura wakijipanga mistari nyuma ya wagombea wao, na ulikuwa wa kwanza tangu mwaka 2001. Baada ya miaka 17 ya viongozi walewale, wajumbe wapya walikuwa na hamu kubwa ya kuonyesha kwamba wanafanya kazi, na hamu hiyo iliathiri maamuzi yetu kuliko tulivyokiri wakati ule. Kwa sheria, Makamu Mwenyekiti wa LC1 ndiye pia Katibu wa Masuala ya Watoto. Kwetu alikuwa mama wa makamo, fundi cherehani, asiyesema sana vikaoni.

Yaliyotokea

Katikati ya muhula wa pili, mama mmoja anayeuza mitumba alimpa mwanawe wa miaka 13, mwanafunzi wa darasa la sita, shilingi 30,000 za kulipia mitihani ya majaribio. Wiki mbili baadaye mwalimu mkuu alimtumia ujumbe akimkumbusha kulipa. Mama alipopekua begi la mtoto hakukuta stakabadhi, bali diski moja ya mchezo wa bunduki na wizi wa magari. Kwenye jalada palikuwa na mtu aliyeshika bastola, na kwenye pembe ya chini kushoto palikuwa na kisanduku chekundu kilichokatwa na mkasi wakati jalada lilipopunguzwa liingie kwenye mfuko, kikabaki na tarakimu 1 nzima na nusu ya 8.

Mama aliifikisha diski ile kwa Mwenyekiti jioni hiyohiyo. Maneno yake, kama nilivyoyaandika, yalikuwa: "Mzee Mwenyekiti, mwanangu ameuziwa uchafu huu na mtu mzima mwenye akili zake." Mwenyekiti aliitisha kikao baada ya siku tatu, akamwalika afisa maendeleo ya jamii kutoka baraza la mji, mwalimu mkuu, askari wa kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia cha polisi, na mwenye kibanda mwenyewe.

Kikao cha kwanza na maamuzi yake

Pendekezo la kwanza, ambalo nusu ya wajumbe waliliunga mkono kabla halijamalizika kutamkwa, lilikuwa polisi wakamate mashine zote na kibanda kifungwe. Askari, mwanamke mtulivu, alisikiliza hadi mwisho kisha akauliza swali moja tu: "Niandike kosa gani?" Kikao kizima kilinyamaza.

Swali lake lilikuwa zito kuliko lilivyosikika. Sheria ya Watoto ya Uganda, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamtambua mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18 na inayapa mabaraza, kuanzia la kijiji, wajibu wa kulinda ustawi wake, lakini wajibu wa baraza si kosa la muuzaji diski. Afisa maendeleo alitaja Sheria ya Vyombo vya Habari na Wanahabari ya mwaka 1995, inayolipa Baraza la Vyombo vya Habari kazi ya kukagua filamu, kanda za video, michezo ya kuigiza na vifaa vingine vinavyohusiana navyo. Je, diski ya gemu ni kifaa kinachohusiana? Sheria hiyo iliandikwa zama za kanda za VHS, na askari alisema waziwazi kwamba hatampeleka mtu mahakamani kwa kutegemea maneno "vifaa vingine" peke yake.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilikuwa nimesoma kidogo kuhusu alama za umri, nikaeleza kwamba kile kisanduku chekundu ni alama ya PEGI, mfumo wa Ulaya ulioanza mwaka 2003 wenye madaraja ya miaka 3, 7, 12, 16 na 18, na kwamba Uingereza tangu Julai 2012 imeyapa madaraja ya 12, 16 na 18 nguvu ya sheria, hivyo muuzaji anayemuuzia mtoto aliye chini ya umri ulioandikwa anatenda kosa. Nikasema: wenzetu wameshafanya kazi ya kupima, alama iko juu ya diski, sisi tunachotakiwa ni kuifuata tu. Hoja ilipendeza kwa sababu ilikuwa rahisi, haikumfungia mtu biashara na haikumhitaji mjumbe yeyote kucheza mchezo wenyewe ili ajue umebeba nini.

Kanuni niliyoiandika ilikuwa na vipengele vitatu: diski yenye alama ya 16 au 18 isiuzwe kwa mtu aliye chini ya miaka 18, tangazo la kanuni libandikwe mlangoni, atakayekiuka alipe faini ya shilingi 50,000. Afisa maendeleo alituonya kwamba kanuni yenye faini ni sheria ndogo, na kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 sheria ndogo haiwezi kupingana na Katiba wala sheria za nchi, na lazima ipitishwe kwa ngazi za juu kabla ya kumbana mtu. Hilo lingechukua miezi. Tulichofanya, na sikioni fahari, ni kuliita andiko "makubaliano" na faini tukaiita "mchango wa usafi wa kijiji". Mwenye kibanda alitia sahihi palepale, haraka mno, na haraka yake ilipaswa kutushtua.

Afisa alitoa onyo la pili ambalo tulilipuuza kabisa. Alisema diski zote zile zimenakiliwa bila idhini, jambo linalokatazwa na Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006, na kwamba baraza linalopanga umri wa kununua bidhaa haramu linakuwa kama linaihalalisha kwa wakubwa. Mwenyekiti alijibu kwamba tukifuata mkondo huo itabidi tufunge nusu ya mtaa, na kikao kikasonga mbele.

Jinsi kanuni ilivyovuja

Wiki ya kwanza ilikuwa tulivu na tulipongezana. Wiki ya pili mwalimu mkuu alileta habari kwamba wanafunzi sita, akiwemo yule wa kisa hiki, walikuwa wakikosa vipindi vya asubuhi. Katika wiki ya tatu nilikwenda kibandani mwenyewe, nikakuta majalada yote yametupwa. Diski zilikuwa kwenye mifuko mitupu, zimeandikwa kwa kalamu ya maka: "bunduki 1", "bunduki 2", "mpira", "mbio". Mwenye kibanda hakuwa amekiuka neno hata moja la makubaliano, kwa kuwa hakukuwa tena na diski yenye alama.

Nilipokagua diski chache zilizokuwa bado na majalada katika nyumba ya jirani, niliona upungufu mwingine uliotokana na kalamu yangu. Tatu kati yake zilikuwa nakala za matoleo ya Marekani, ambako bodi ya ESRB, iliyoanzishwa mwaka 1994, hutumia herufi: E kwa wote, T kwa vijana, M kwa walio na miaka 17 na zaidi. Kanuni yangu ilitaja tarakimu za 16 na 18 peke yake, na watoto waligundua hilo kabla yangu, mmoja alinieleza kwa heshima zote, "Mzee, hii ni ya M, haimo kwenye karatasi."

Tena, vijana wa miaka 19 na 20 walikuwa wakiwanunulia wadogo zao, wa damu na wasio wa damu. Na hatua chache kutoka kibandani palikuwa na duka la kunakili nyimbo na filamu kwenye flashi na simu, ambalo lilianza kunakili na gemu za PlayStation 3 kwa mwenye diski kuu ya kuhifadhia data. Duka hilo halikuwa limetia sahihi popote.

Hesabu ya kutoa ambayo haikufanywa

Aliyefungua kisa hiki alikuwa Katibu wa Watoto, na hakukifungua kikaoni. Alimwita mtoto kwake jioni moja, akampa upindo wa shuka amshikie huku yeye akishona, akamuuliza kuhusu shule, kuhusu mpira, na baada ya muda mrefu kuhusu pesa. Aliniambia baadaye kwamba mtoto akiwa ameshika kitambaa hana haja ya kukutazama machoni, na hilo humlegezea ulimi.

Siku iliyofuata alikuja kwangu na swali ambalo bado linaniuma. Katika muhtasari wa kikao cha kwanza, kwenye ukurasa mmoja, kwa mwandiko wangu, palikuwa na "Sh. 30,000 za mitihani" na "diski Sh. 5,000". Je, shilingi 25,000 zilikwenda wapi? Watu zaidi ya kumi walikaa saa tatu wakijadili diski ile, na hakuna hata mmoja aliyetoa 5,000 katika 30,000.

Mtoto alikuwa na hesabu kamili kichwani. Shilingi 6,500 zilikwenda kwenye mechi 13 za kawaida alizoshindwa. Zilizobaki, 18,500, zilikwenda kwenye dau. Ilikuwa hivi: wachezaji wawili waliweka shilingi 1,000 kila mmoja mezani, mwenye kibanda akazishika, mshindi akapewa 1,500 na mwenye kibanda akabaki na 500. Mtoto alicheza mechi 23 za namna hiyo. Alishindwa 20, akashinda 3. Diski ya bunduki aliinunua kwa sababu aliyeleta diski yake aliruhusiwa kucheza bure asubuhi mapema kabla wateja hawajaja, na alitumaini kwamba mazoezi ya vidole asubuhi yangemsaidia kurudisha pesa mchana.

Mchezo aliopotezea pesa zote hizo ulikuwa wa kandanda, ambao katika mfumo wa PEGI hupewa alama ya 3. Kwa kanuni niliyoiandika, mchezo huo ulikuwa salama kwa mtoto wa chekechea.

Kikao cha pili

Safari hii tuliita watu wachache zaidi: Mwenyekiti, Katibu wa Watoto, afisa maendeleo, mama wa mtoto, mwenye kibanda na mimi. Askari hakuwepo, kwa makusudi, kwa sababu Katibu wa Watoto aliamini kwamba mtu aliyekuja kuzungumza atazungumza, na mtu aliyekuja kuhojiwa atakana.

Afisa maendeleo aliweka mezani Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016. Sheria hiyo inakataza mtu aliye chini ya miaka 25 kushiriki katika kamari, na inamtaka anayeendesha shughuli hiyo awe na leseni ya bodi ya taifa inayosimamia bahati nasibu na michezo hiyo. Kwa tafsiri ya afisa, kushika fedha za dau na kukata sehemu yake ni kuendesha kamari, hata kama kinachoamua mshindi ni mpira wa kwenye televisheni. Kamari ilikuwa gumzo la nchi nzima tangu Januari mwaka huohuo, serikali ilipotangaza kwamba haitatoa leseni mpya kwa kampuni za kubashiri mechi, na bado sisi hatukuwa tumehusisha gumzo lile na chumba cha mabati kilichokuwa mbele ya macho yetu.

Mwenye kibanda aliposikia tarakimu 25 alibadilika rangi. Wateja wake karibu wote walikuwa chini ya umri huo. Alijitetea kwamba yeye hakuwalazimisha, kwamba vijana wangewekeana dau hata chini ya mwembe, na kwamba shilingi 500 ilikuwa bei ya mechi tu. Utetezi wa mwisho haukuwa wa bure, kwa kuwa mechi ya kawaida nayo ilikuwa shilingi 500. Tofauti ni kwamba katika mechi ya kawaida hakushika fedha za mtu mwingine.

Tulikubaliana mambo haya, na kila moja lilikuwa na sababu yake. Hakuna dau, na mwenye kibanda hashiki fedha yoyote isipokuwa bei ya mechi. Hili ndilo lililokuwa na sheria nyuma yake, hivyo halikuhitaji faini yetu ya kubuni. Anayeshindwa halipi peke yake, kila mchezaji analipa 250, ili watoto dhaifu wasiwe mfuko wa hodari. Pazia linaondolewa, na televisheni zinageuzwa zielekee ukuta wa nyuma ili mwanga usizipige. Mwanafunzi mwenye sare haingii siku za shule kabla ya saa kumi na moja jioni. Kuhusu diski, tuliacha kutaja alama: mwenye kibanda hatamuuzia mtoto diski yoyote, ya mpira wala ya bunduki, isipokuwa amekuja na mzazi au mlezi. Tuliona ni rahisi zaidi kumtambua mtoto kuliko kuutambua mchezo.

Mwenye kibanda alirudisha shilingi 16,500, yaani 11,500 alizokata katika mechi 23 na 5,000 za diski. Mama alitaka 30,000 zote. Afisa alimweleza kwamba 6,500 zilikuwa bei ya mechi za kawaida, kwamba 7,000 zilizobaki zimo mifukoni mwa watoto wa majirani zake, na kwamba akitaka kuzifuata atazifuata nyumba kwa nyumba, mama akaamua kuacha.

Matokeo

Mtoto alifanya mitihani, baada ya mwalimu mkuu kukubali alipwe kwa mafungu. Kati ya wale sita waliokuwa wakitoroka, wanne walirudi kwenye vipindi vya asubuhi ndani ya wiki moja. Wawili walikuwa na sababu nyingine kabisa za kutoroka, na sababu hizo ni kisa kingine.

Dau kibandani lilikoma, kwa kadiri Katibu wa Watoto alivyoweza kuona alipopita kila jioni na kikapu chake. Bei ya 250 kwa kila mchezaji ilidumu miezi miwili, kisha desturi ya zamani ikarudi kimyakimya kwa ridhaa ya wachezaji wenyewe. Pazia halikurudi. Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona, kibanda kikafungwa nacho, na mwenyewe akaziuza mashine.

Uchambuzi

Kosa la msingi la kikao cha kwanza lilikuwa langu: nilichukua kanuni iliyobuniwa kwa ajili ya kaunta nikaipeleka mahali pasipo na kaunta. Sheria za kuzuia uuzaji wa gemu kwa watoto zinadhani mambo mengi bila kuyasema. Zinadhani mchezo uko ndani ya boksi lililofungwa kiwandani, boksi lina alama isiyoweza kukatwa na mkasi, muuzaji ana cha kupoteza akikamatwa, na mnunuzi anaweza kuonyesha umri wake. Kibandani kwetu hayo hayakuwepo. Hata kitambulisho cha taifa hutolewa kwa mtu mwenye miaka 16 na kuendelea, hivyo mtoto wa miaka 13 hana kadi ya kuonyesha na kijana wa 19 aliyeiacha nyumbani hana tofauti naye kwa karatasi. Isitoshe, watoto wetu hawanunui gemu kwa kawaida, wanalipia dakika. Kanuni ya uuzaji iligusa shilingi 5,000 kati ya 30,000 na kuziacha nyingine zipite.

Nguvu ya alama yenyewe nayo niliielewa vibaya. Kisanduku chekundu ni ushauri mpaka nchi iamue kuupa meno. Ujerumani iliyafanya madaraja yake yawe ya lazima kwa wauzaji mwaka 2003. Uingereza ikafanya hivyo kwa PEGI mwaka 2012. Na hata meno yenyewe huweza kuwa ya bandia bila mtu kujua: mwaka 2009 iligundulika kwamba Sheria ya Rekodi za Video ya Uingereza ya mwaka 1984 haikuwahi kuarifiwa ipasavyo kwa Tume ya Ulaya, hivyo haikuweza kutumika kumshtaki mtu, na Bunge likalazimika kuipitisha upya mwaka 2010. Robo karne maduka yalitii sheria yenye tundu. Sisi tuliokuwa tukibadilisha "faini" kuwa "mchango wa usafi" tulikuwa katika kundi hilohilo, ila tundu letu tulilijua.

Mfano wa Marekani unafaa zaidi kwa kisa hiki, na laiti ningeusoma kabla. Jimbo la California lilipitisha mwaka 2005 sheria ya kuzuia michezo yenye ukatili mkubwa isiuzwe kwa walio chini ya miaka 18, na faini ilikuwa hadi dola 1,000. Mahakama iliizuia kabla haijaanza kutumika, na tarehe 27 Juni 2011 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliibatilisha kwa kura 7 dhidi ya 2, ikisema kwamba michezo ya video ina ulinzi uleule wa uhuru wa kujieleza vilivyo nao vitabu, na kwamba ushahidi haukuthibitisha kuwa michezo hiyo husababisha ukatili kwa watoto. Hoja moja katika hukumu ile ingetusaidia: sheria iliacha mlango wazi, kwa kuwa mzazi, au hata shangazi na mjomba, angeweza kumpa mtoto mchezo uleule uliodaiwa kuwa hatari. Kwetu mlango huo ulikuwa na kaka wa miaka 19, naye si lazima awe kaka.

Lakini Marekani hiyohiyo, bila sheria, ilipata matokeo ambayo sheria nyingi huyatamani. Tume yake ya Shirikisho ya Biashara ilikuwa ikiwatuma vijana wadogo madukani kujaribu kununua michezo yenye herufi M. Mwaka 2000, asilimia 85 waliuziwa. Mwaka 2011 ni asilimia 13 tu. Kilichobadilika ni mwenendo wa maduka, na maduka hayo yalikuwa makubwa, yenye majina ya kulinda. Mwenye kibanda chetu hakuwa na jina la kulinda mpaka pazia lilipoondolewa, mama wa kila mtoto akawa anaona kutoka barabarani nani ameshika pedi. Nikiulizwa ni kipengele gani kimoja kilifanya kazi zaidi, nitasema ni hilo pazia, ingawa katika kikao lilijadiliwa kwa dakika tano na lilipendekezwa na mama wa mtoto aliyezoea kutandaza mitumba yake kwenye mwanga ili wateja waone matundu.

Sheria ya kamari ilitusaidia, lakini sitaki kuisifu kupita kiasi. Umri wa miaka 25 ulitupa nguvu ya kumtikisa mwenye kibanda, na wakati huohuo ulitufanya tumtishie kwa sheria ambayo, ikifuatwa neno kwa neno, ingemhusu pia mwanafunzi wa chuo kikuu anayewekeana shilingi 1,000 na rafiki yake. Tuliitumia kama fimbo ya kuonyesha, hatukuipiga. Endapo mwenye kibanda angekataa na kuomba twende kwa hakimu, sina hakika kama tungekwenda.

Lililoshindwa moja kwa moja ni suala la diski. Onyo la afisa kuhusu hakimiliki lilikuwa sahihi, na tuliliepuka mara mbili, kwa sababu kulikubali kungegusa biashara ambayo kila mtu kikaoni alikuwa mteja wake. Leo watoto wa mtaa ule wanapakua michezo kwenye simu za wazazi. Duka la programu la Google limekuwa likionyesha alama za umri kwa gemu tangu mwaka 2015, lakini akaunti ni ya mama, na kwa duka hilo mtoto wa miaka 13 ni mwanamke wa miaka 40.

Mwenye duka la kunakili hakuwahi kuitwa kikaoni. Nilipomuuliza Mwenyekiti sababu, alitoa simu yake mfukoni, akanionyesha nyimbo za zilipendwa zaidi ya 300, akasema zote zimejazwa pale.